Gari la kuchezea ambalo kila kipande kina nambari

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, samahani. Kwanza kazi ilinibana, halafu nikaingia katika mabishano na kamati ya wazazi wa shule moja hapa Eldoret, nikashindwa. Leo nataka kuyaendeleza mahali ambapo hakuna mwenyekiti wa kunikata kauli.

Mambo yalianza hivi. Mpwa wangu yuko Gredi ya 7. Shule yao ilipata pesa kidogo za klabu ya sayansi, na dada yangu, ambaye yumo kwenye kamati, akawaambia wenzake kwamba ana ndugu aliyesomea tarakilishi chuoni. Basi nikaitwa. (Ukisomea tarakilishi katika nchi hii utaitwa kurekebisha printa, kufungua simu ambayo mwenyewe amesahau neno la siri, na kutoa ushauri juu ya kila kitu chenye betri.) Mezani palikuwa na mapendekezo mawili. La kwanza lilikuwa la muuzaji mmoja: magari 15 ya kuendeshwa kwa programu ya simu, yamekamilika, unayatoa kwenye boksi na kucheza siku hiyo hiyo. La pili lilikuwa langu: seti 4 za gari la rimoti la kujiundia, za kampuni ya Tamiya kutoka Japani. Boksi limejaa vipande, mtoto anakaa chini na bisibisi.

Kura zilipopigwa, pendekezo langu lilipata 2. Moja ilikuwa ya dada yangu.

Siwalaumu. Magari 15 ni mengi kuliko 4, na mzazi anataka kuona mtoto wake ameshika kitu. Lakini mihula miwili baadaye, magari yaliyokuwa yakitembea yalikuwa 6. Mengine yaliharibika betri, mengine mota, na mengine hayakuwa na kasoro yoyote ila ile programu ya simu ilikataa kuyatambua baada ya simu ya mwalimu kubadilishwa. Muuzaji akipigiwa anasema tununue mengine.

Niliomba nipewe moja lililokufa, nikalifungua nyumbani mpwa wangu akiangalia. Skrubu mbili tu, kwingine kote gundi, kwa hiyo ilibidi tulipasue. Ndani tukakuta mota mbili ndogo na ubao mmoja wa saketi, ukubwa wake kama ile kadi ya kukwangua ya kuongeza salio. Katikati ya ubao palikuwa na tone jeusi, gumu kama lami iliyokauka. Chini ya tone hilo ndiko ulikokuwa ubongo wote wa gari: kupokea mawimbi, kudhibiti mota, na msimbo wa kuamua nini kifanyike. Hakuna jina wala nambari, hata herufi moja hamna.

"Mjomba, sasa hii inafunguliwa aje?"

Haifunguliwi. Nilimweleza kwamba tone lile si njama, ni njia ya bei nafuu ya kufunika chipu. Lakini kwake yeye matokeo ni yale yale. Alitaka kujua gari linafanyaje kazi, na jibu alilopewa ni gundi.

Sasa hebu niwaeleze kwa nini niling'ang'ania wale Wajapani.

Tamiya ilianzishwa mwaka 1946 na Yoshio Tamiya katika mji wa Shizuoka, na haikuanza na vitu vya kuchezea. Ilikuwa biashara ya mbao za kujengea. Pembeni wakawa wanatengeneza mifano ya meli na magari kwa mbao, na mwaka 1953 wakaacha mbao za ujenzi wakabaki na mifano peke yake. Plastiki ilipoanza kuingia Japani kutoka ng'ambo, mbao zikakosa soko. Seti yao ya kwanza ya plastiki, manowari Yamato ya mwaka 1960, haikuwaletea faida. Walikaribia kuachana na plastiki. Kilichowaokoa ni mfano wa kifaru cha Kijerumani, Panther, chenye mota ndani, kinachotembea chenyewe sakafuni.

Mwaka 1976 wakatoa gari lao la kwanza la rimoti, Porsche 934. Shunsaku Tamiya, mtoto wa mwanzilishi, ndiye aliyekuwa nyuma ya kazi hiyo, na kisa chake napenda kukirudia kila nikipata nafasi: alinunua gari halisi la Porsche 911 akalifungua vipande vipande ili aone limeundwaje kabla ya kulitengeneza dogo. Mwenye kiwanda cha vitu vya kuchezea! Aliaga dunia Julai 2025 akiwa na miaka 90, na nilishangaa ni watu wangapi wa rika la baba yangu, wahandisi wa nchi za mbali, walioandika kwamba walianza uhandisi kwenye boksi lake lenye nyota mbili, nyekundu na buluu.

Gari lenyewe nililo nalo mimi ni Grasshopper. Lilitoka mara ya kwanza mwaka 1984, likaacha kutengenezwa, kisha likarudishwa sokoni mwaka 2005. Binamu yangu aliniletea kutoka Uingereza kama zawadi. Si gari la ajabu. Lina mwili mweupe, mota ndogo, na ekseli ya nyuma ambayo hurukaruka kama matatu kwenye barabara ya murram. Kwenye mashindano litaachwa na kila kitu. Kinachonivutia ni karatasi.

Ukifungua boksi unakuta mifuko imeandikwa A, B, C, na vipande vya plastiki bado viko kwenye fremu zake, kila kimoja na nambari pembeni. Mwongozo ni michoro. Maneno ni machache, ya lugha nne, na hata usipojua hata moja utafika mwisho. Skrubu zimechorwa kwa ukubwa wake halisi, kwa hiyo ukiwa na wasiwasi unaweka skrubu juu ya karatasi, ikilingana na mchoro ndiyo yenyewe. Mpwa wangu aligundua hilo mwenyewe bila kuambiwa, akaniangalia kama mtu aliyeona mazingaombwe. Wanakuonyesha mahali pa kupaka grisi. Wanakuonyesha gia za difu kabla hujazifunika, na mtoto anazizungusha kwa kidole: gurudumu moja likienda mbele, lingine linarudi nyuma. Mimi nilifundishwa difu ubaoni kwa chaki nikakariri. Yeye ameishika.

Na ukurasa wa mwisho wa mwongozo una orodha ya vipuri, kila kimoja na nambari yake ya kuagizia.

Huo ukurasa wa mwisho ndio hoja yangu yote. Kamati iliuliza gari lipi linafanya mambo mengi zaidi siku ya kwanza. Swali lilipaswa kuwa: siku litakapovunjika, nitajua jina la kilichovunjika?

Kwa sababu letu lilivunjika, bila shaka. Mpwa wangu aliligonga kwenye jiwe la ua wiki ya pili, kile kipande kinachoshika gurudumu la mbele kikakatika. Tukafungua mwongozo, tukapata fremu, herufi, nambari. Dakika tano. Kisha tukakutana na Kenya: kipuri chenyewe ni cha bei ndogo, lakini kukileta hadi hapa kungegharimu mara kadhaa ya bei yake, na mjini hakuna duka linaloviweka. Hapo wale wa kamati wangecheka, na wangekuwa na haki. Mtu akiniambia huu ni mchezo wa watu wenye binamu Ulaya, sina jibu la haraka.

Tulichofanya ni hiki. Tulichukua kile kipande kilichokatika pamoja na mwenzake mzima wa upande wa pili, tukaenda kwa fundi mmoja wa juakali anayechonga na kutoboa vyuma. Alikigeuzageuza, akapima matundu kwa kijiti, akauliza swali moja tu: "Inabeba uzito gani?" Akakichonga kwa alumini ya sufuria kuukuu. Kina sura mbaya, kimezidi kidogo uzito, na gari sasa linavuta upande wa kushoto kama limelewa. Lakini linatembea! Na fundi yule asingeweza kunisaidia hata kidogo kama ningempelekea lile tone jeusi. Angefanya nini, alichonge?

Kuna jambo jingine ambalo ni la sisi watu wa programu, na naomba mnivumilie kidogo. Gari la rimoti la aina hii lina sehemu tatu zinazoongea: kipokezi cha mawimbi, sevo ya kupinda usukani, na kidhibiti cha mwendo. Zinaunganishwa kwa nyaya tatu: umeme, hasi, na ishara. Ishara yenyewe ni rahisi kupita kiasi. Kila baada ya milisekunde 20 hivi, kipokezi kinatuma mpigo mmoja. Mpigo ukiwa wa milisekunde 1, usukani unapinda mwisho upande mmoja. Ukiwa wa 2, unapinda mwisho upande wa pili. Wa 1.5, magurudumu yananyooka. Basi! Hakuna akaunti, hakuna neno la siri, hakuna kusasisha.

Mwaka 1984 redio za magari haya zilikuwa za masafa kama megahezi 27, zenye fuwele za kubadilisha, na watu wawili wakiwa na fuwele za rangi moja kila mmoja alikuwa anamwendeshea mwenzake gari. Leo redio ni za gigahezi 2.4, zinaruka kutoka mkondo hadi mkondo zenyewe, na uwanja mzima unaweza kucheza bila kugombana. Teknolojia yote ya katikati imebadilika. Lakini zile nyaya tatu hazijabadilika. Ninaweza kuchukua kipokezi kilichotengenezwa mwaka huu, kikaongea na sevo iliyokuwa ndani ya gari la kabla sijazaliwa. Ninaweza kung'oa kipokezi nikaweka Arduino, nikaandika mistari kumi ya msimbo, na Grasshopper likazunguka sebuleni lenyewe. Tulifanya hivyo Jumapili moja, likaenda likaingia chini ya kabati la vyombo. Mpwa wangu alibadilisha 1.5 ikawa 1.6 akaona gurudumu likisogea. Somo la programu limeisha, na hakuna aliyetaja neno "programu".

Nitajieni kitu chochote tulichoandika sisi ambacho kitaongea na kitu kingine baada ya miaka 40.

Naona aibu kidogo hapa, kwa hiyo ngoja niseme. Miaka michache iliyopita nilikiandikia chama kimoja cha wakulima wa maziwa mfumo wa kurekodi lita na malipo. Unafanya kazi vizuri. Mwezi uliopita meneja wao, mzee mpole, aliniuliza huku ananimiminia chai: "Kijana, ukipata kazi Nairobi, sisi tutafanya nini?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Mfumo ule hauna mwongozo. Majina ya majedwali nilijitungia usiku wa manane, na mengine hata mimi siyaelewi tena. Nenosiri la seva linajulikana na mtu mmoja duniani. Nilimwona mpwa wangu akitazama lile tone jeusi, nikajua mimi ndiye niliyewamwagia wale wazee gundi.

Kwa haki, si lazima mtu aunde kila kitu mwenyewe. Traxxas ya Texas, iliyoanzishwa mwaka 1986, ilijijengea jina kwa kuuza magari yaliyokwisha kuunganishwa, na bado ukivunja mkono wa gurudumu unapata mchoro na nambari ya kuagiza. Kwa hiyo siwachukii wanaouza gari zima. Ninayemkataa ni yule anayekuuzia kitu kizima akijua kwamba siku kikivunjika hata yeye mwenyewe hana pa kukielekeza.

Kilichoniudhi zaidi katika kikao kile kilikuwa maneno ya mzazi mmoja, kwamba watoto wetu "hawajazoea mambo ya kuunda". Hawajazoea? Mimi nimekulia nje kidogo ya mji huu, na kila mvulana niliyemjua, na wasichana kadhaa, alikuwa na gari la waya. Waya wa ua au hanga ya nguo, magurudumu ya soli ya ndara kuukuu au vifuniko vya chupa, springi za mpira wa tyubu. Na usukani! Waya mrefu kutoka ekseli ya mbele hadi kifuani mwako, juu umepinda duara, unakimbia nyuma ya gari ukikata kona halisi. Ukizungusha kulia, magurudumu yanapinda kulia. Ile ilikuwa rimoti yetu, tena haikuhitaji betri. Aliyevunjiwa ekseli hakungoja meli kutoka Japani, alikwenda kwenye ua wa jirani (na kupigwa, lakini hiyo ni habari nyingine).

Nilichokosa mimi utotoni si mikono, ni ile karatasi. Kila mmoja wetu alianza upya. Aliyegundua namna ya kufanya magurudumu ya nyuma yasiteleze alihama shule akaondoka na ujuzi wake. Hakuna aliyechora, hakuna aliyeandika "kipande B5". Shizuoka walikuwa na mafundi wa mbao kama sisi tulivyo na mafundi wa waya. Tofauti ni kwamba mtu fulani huko aliamua kuvipa vipande nambari na kuviweka kwenye boksi.

Tena wanatutengenezea hata vya kwetu. Hasegawa, kampuni nyingine ya mifano ya mkoa huo huo wa Shizuoka, imetoa seti ya plastiki ya Mitsubishi Lancer 1600 GSR iliyoshinda Safari Rally mwaka 1974. Dereva alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, ambaye alishinda tena na Lancer mwaka 1976, na kabla ya hapo alikuwa ameshinda 1965 na Volvo. Mtoto wa Osaka anaweza kukaa jioni akiunganisha gari la mtu wa Kericho. Mtoto wa Kericho hawezi. Mbio zenyewe zilirudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, Naivasha ikajaa, vijana wakalala kwenye mahema kungoja vumbi, na barabarani kilichouzwa ni fulana na kofia.

Najua jibu la mwalimu mkuu, kwa sababu alinipa mwenyewe: shule haina pesa za majaribio. Lakini sasa kuna somo la Pre-Technical Studies kuanzia Gredi ya 7, na vitabu vimejaa picha za gia na levya. Seti 4 kwa darasa la watoto 40 ni watoto 10 kwa gari moja. Wengi, nakubali. Ila gari la kuunda huvunjwa na kuundwa tena kila muhula, na kundi la mwaka ujao linaanza na vipande vile vile. Yale 15 yaliundwa mara moja tu, na walioyaunda hawakuwa watoto wetu.

Wala si lazima liwe la Tamiya. Ningefurahi lisiwe. Mota, sevo na redio za kawaida zinapatikana Nairobi kwa wauzaji wa vifaa vya elektroniki, na zote zinaongea ile lugha ya nyaya tatu. Chasisi inaweza kuchongwa hapa. Fundi wangu wa alumini nimemwuliza angetoza kiasi gani kama ningemletea michoro ya vipande 12 badala ya kipande kimoja kilichovunjika. Alifikiri akasema, "Lete michoro kwanza." Michoro sina. Nimekuwa nikilalamika kuhusu karatasi kwa aya ishirini na mimi mwenyewe sina karatasi.

Basi nimeanza. Jioni nachora chasisi kwenye kompyuta, ubao wa plaiwudi badala ya plastiki kwa sasa, vipande vimefika 7, vina majina kuanzia A1 hadi A7. Dada yangu amezungumza na mwalimu wa klabu, na wametupa yale magari 9 yaliyokufa tukayatoe mota, maana mota kadhaa bado ni nzima. Mfumo wa maziwa nao unaandikiwa mwongozo, ukurasa mmoja kila asubuhi kabla ya kufungua barua pepe. Niko ukurasa wa 11, na nimeshagundua makosa mawili ambayo nimekuwa nikiwakata nayo wakulima senti.

Mpwa wangu anapinga A4. Anasema tundu la skrubu liko karibu mno na ukingo, plaiwudi itapasuka. Nimemwambia tutaona Jumamosi, ila jana usiku nilipima tena na nadhani ana haki.